Hisa zako zikihamishwa kwa hila, sheria haijakuacha

Mkulima akiibiwa ng'ombe usiku, kufikia asubuhi kijiji kizima huwa kimejua. Nyayo hufuatwa, polisi huarifiwa na soko la mifugo lililo karibu huwekewa macho. Akiibiwa hisa, hakuna anayejua, hata yeye mwenyewe. Zizi la hisa ni daftari lililo katika ofisi ya mbali, na mwizi wake hubeba kalamu. Miaka inaweza kupita kabla ya mwenye mali kugundua, pengine siku anapouliza kwa nini mgao wa faida haumfikii tena, kwamba jina lake lilifutwa na la mtu mwingine likaandikwa mahali pake.

Hili si tatizo la matajiri wa Nairobi pekee. Mkulima mdogo wa chai ana hisa katika kampuni ya kiwanda anachokiuzia majani. Mkulima wa kahawa au wa maziwa ana hisa katika chama chake cha ushirika. Mwenye duka na mama wa sokoni wana hisa katika chama cha akiba na mikopo. Zipo familia nyingi ambazo baba au babu alijiunga na kampuni ya kununua mashamba, na cheti cha hisa ndicho ushahidi mkubwa kwamba zinastahili kipande cha ardhi. Kisha wapo wale walioingia katika soko la hisa kwa mara ya kwanza KenGen ilipouza hisa zake mwaka wa 2006 kwa Sh11.90 kila moja, na Safaricom mwaka wa 2008 kwa Sh5.

Wengi wa hao wa mwisho walipata funzo chungu mapema. Kampuni ya udalali wa hisa ya Francis Thuo and Partners ilianguka mwaka wa 2007. Mnamo Machi 2008, Mamlaka ya Masoko ya Mtaji (CMA) iliweka Nyaga Stockbrokers chini ya msimamizi, na kabla ya mwaka kwisha Discount Securities nayo ikafuata njia hiyo. Miongoni mwa malalamiko makubwa ya wateja wa Nyaga ni kwamba hisa zao zilikuwa zimeuzwa bila wao kuagiza. Fidia ilipokuja kutolewa kutoka kwa hazina ya kuwafidia wawekezaji, kiwango cha juu kilikuwa Sh50,000 kwa kila mwekezaji, hata kama hasara yake ilikuwa mara kumi ya hiyo.

Kutokana na hayo, wananchi wengi wameshikilia imani kwamba hisa ikishahamishwa imekwenda, na kwamba anayelalamika atapewa kifuta machozi aende zake. Imani hiyo si sahihi, na ndiyo inayowapa walaghai nguvu. Sheria inampa mwenye hisa silaha nyingi kuliko anavyodhani. Tatizo ni kwamba kila silaha ina mlango wake na muda wake, na hakuna aliyejishughulisha kumweleza mkulima ni mlango upi abishe.

Sahihi bandia haihamishi mali

Msingi wa yote ni huu: hati ya kuhamisha hisa yenye sahihi ya kughushi ni karatasi tupu. Haihamishi chochote. Hata kama msajili wa hisa aliiamini, akafuta jina lako na kumpa mtu mwingine cheti kipya chenye mhuri, machoni pa sheria wewe bado ndiwe mwenye hisa, na kampuni inalazimika kukurudisha katika daftari.

Kanuni hii ni ya kale. Kesi inayotajwa zaidi iliamuliwa nchini Uingereza mwaka wa 1868, kuhusu kampuni ya reli ya Bahia and San Francisco. Mwanamke mmoja aliyekuwa na hisa tano alimwachia dalali vyeti vyake. Watu wawili wakaghushi sahihi yake na kupeleka hati kwa kampuni. Kampuni ilimwandikia barua kumjulisha, na iliposubiri siku kumi bila jibu, ikawaandikisha walaghai hao kuwa wenye hisa. Wao nao wakaziuza upesi kwa wanunuzi waliokuwa hawajui lolote. Ukweli ulipofichuka, mwanamke yule alirudishiwa hisa zake zote. Kutojibu barua hakukumpokonya haki yake.

Je, wanunuzi waliolipa pesa zao kwa nia njema? Mahakama ilisema kampuni ndiyo iliyowapa cheti kinachotamka kwamba muuzaji ana hisa, nao wakakiamini. Haiwezi kugeuka baadaye na kusema cheti chake hakina maana. Kwa hivyo iliwalipa thamani ya hisa jinsi ilivyokuwa siku ilipokataa kuwatambua.

Mzigo huo nao haukomei kwa kampuni. Mwaka wa 1905, mahakama ya juu zaidi ya Uingereza iliamua kesi ya baraza la jiji la Sheffield dhidi ya benki ya Barclays. Watu wawili walimiliki dhamana za jiji kwa pamoja. Mmoja alighushi sahihi ya mwenzake ili aziweke rehani kwa benki. Benki, bila kujua, ilipeleka hati hiyo kwa jiji na kuomba iandikishwe. Mwenye mali alipodai na kurudishiwa, mahakama iliamuru benki ilifidie jiji, ingawa haikuwa na hila yoyote. Sababu ni rahisi: anayepeleka hati ya kuhamisha mali ya mtu na kuomba ifanyiwe kazi, anadhamini kwamba hati hiyo ni halali.

Uamuzi wa mahakama za Uingereza haumfungi hakimu wa Kenya leo. Lakini sheria yetu ya makampuni ilichipuka kutoka shina hilo, na kanuni hizi hutumika katika mahakama zetu pale sheria iliyoandikwa haikusema vingine. Mkulima hahitaji kukumbuka majina ya kesi. Akumbuke tu kwamba kampuni ya kiwanda haiwezi kumjibu, "Sisi pia tulidanganywa, mtafute aliyekudanganya." Kudanganywa kwa msajili si kosa la mwenye hisa.

Ukiweka sahihi mwenyewe, mambo hubadilika

Lakini hapo hapo ndipo penye mtego. Ulinzi huu ni wa yule ambaye hakuweka sahihi. Aliyeweka yuko mahali pengine kabisa.

Watu wengi huombwa na karani wa dalali, afisa wa chama au hata jamaa waweke sahihi katika fomu ambayo haijajazwa, "ili mambo yasikawie". Wengine hutoa hati ya uwakili inayomruhusu mtu kuuza na kununua kwa niaba yao, kisha huisahau. Fomu hiyo ikitumiwa vibaya na hisa zikamfikia mnunuzi asiye na hatia, mahakama itauliza ni nani aliyempa mlaghai kisu. Ikionekana ni wewe, huenda ukapoteza haki ya kudai hisa kutoka kwa mnunuzi, na ukabaki na madai dhidi ya yule uliyemwamini pekee. Kama ametoroka au amefilisika, umebaki na hukumu isiyolipika.

Kwa hivyo swali la kwanza ambalo kila anayelalamika anapaswa kujiuliza kwa ukweli ni hili: je, sahihi iliyo kwenye hati ni yangu? Dai nakala ya hati iliyotumiwa kuhamisha hisa kabla ya kumshtaki yeyote. Jibu lake ndilo litakaloamua unamdai nani, na unadai nini.

Hisa au fedha?

Swali la pili ni unachotaka kurudishiwa. Mara nyingi mlaghai anapobanwa hujitolea kulipa "pesa ulizonunulia". Mwenye hisa aliyechoka hukubali. Afikiri mara mbili.

Chukua hisa 1,000 za Safaricom. Aliyezinunua mwaka wa 2008 zilipouzwa kwa umma alilipa Sh5,000. Mwaka wa 2009 bei ilishuka hata chini ya Sh3, na hisa hizo zikawa hazifiki Sh3,000. Mwaka wa 2021 bei ilipita Sh40, na hisa zile zile zikawa na thamani ya zaidi ya Sh40,000. Sasa tuseme ziliuzwa kwa hila mwaka wa 2009. Anayelipwa bei ya siku ya wizi anapata Sh3,000. Anayerudishiwa hisa zenyewe anapata mali iliyokua, na anaweza pia kudai mgao wa faida wa miaka yote ambayo jina lake halikuwa katika daftari. Tofauti kati ya madai haya mawili ni sawa na tofauti kati ya kurudishiwa ndama na kurudishiwa ng'ombe pamoja na maziwa aliyokamwa.

Kwa kampuni ambayo hisa zake haziuzwi sokoni, kama vile kampuni ya kiwanda cha chai au ya kununua mashamba, njia iliyo wazi ni kuomba daftari lirekebishwe. Sheria ya Makampuni ya mwaka wa 2015 inaipa mahakama uwezo wa kuamuru jina lililofutwa bila sababu ya haki lirudishwe, na kuamuru kampuni imlipe fidia aliyepata hasara.

Kwa hisa zilizo katika akaunti ya CDS, yaani mfumo wa kompyuta ulioanza kutumika Nairobi mwaka wa 2004, hali ni ngumu kidogo. Humo hisa hazina nambari za vyeti. Zikishauzwa huchanganyika na za wengine kama maziwa yakishamiminwa katika tangi la chama, na mnunuzi hajui zilitoka kwa nani. Kwa hivyo madai yenye mashiko zaidi ni kumtaka dalali aliyeuza bila idhini anunue hisa za kampuni ile ile, idadi ile ile, aziweke katika akaunti yako, na kulipa mgao uliokosa. Tamka hivyo waziwazi katika barua yako ya kwanza. Usiandike tu "naomba fidia".

Mlango upi wa kubisha

Siku unapogundua, kazi ya kwanza ni kuzuia hisa zisiende mbali zaidi. Mwandikie msajili wa hisa wa kampuni, na kama ziko katika CDS, uiandikie pia kampuni inayosimamia akaunti hizo (CDSC) pamoja na dalali. Sema kwamba hukuidhinisha uhamisho, omba shughuli yoyote zaidi isimamishwe, na udai nakala za hati zote. Peleka barua kwa mkono na nakala yako igongwe mhuri wa tarehe. Neno la mdomo kwa karani wa mapokezi halihesabiki.

Pili, piga ripoti polisi na upate nambari ya OB. Kughushi ni jinai, na kuuza mali ya mteja bila idhini na kula fedha zake ni wizi. Wachunguzi wana uwezo wa kupeleka sahihi kwa mtaalamu wa maandishi, na ripoti yake itakufaa pia katika kesi ya madai. Hata hivyo usikae ukingoja kesi ya jinai imalizike. Kazi yake kubwa ni kumwadhibu mhalifu. Mahakama inaweza kuamuru alipe fidia, lakini kufungwa kwake hakurudishi jina lako katika daftari.

Tatu, chagua mlango kulingana na aliyekukosea. Kama ni dalali wa hisa, peleka malalamiko kwa CMA, ambayo ndiyo huwapa leseni na inaweza kuwachunguza na kuwaadhibu. Usiporidhika na uamuzi wake, kuna Mahakama Maalumu ya Masoko ya Mtaji ya kukata rufaa. Kama ni chama cha ushirika au cha akiba na mikopo, mzozo kati ya mwanachama na chama huenda kwa Mahakama Maalumu ya Vyama vya Ushirika. Mwanachama anayekimbilia mahakama ya kawaida moja kwa moja huenda akarudishwa huko, akiwa amekwisha kumlipa wakili.

Kama unataka daftari la kampuni lirekebishwe, au amri ya haraka ya kuzuia hisa zisiuzwe tena, hapo utahitaji Mahakama Kuu, na ni vyema kuwa na wakili. Amri ya kuzuia huombwa mwanzoni mwa kesi. Kukawia kuiomba ni kumpa mlaghai muda wa kuuza.

Kama unachodai ni fedha ambazo mtu alipokea kwa kuuza mali yako na hakukupa, upo mlango ambao wafanyabiashara wadogo bado hawajauzoea, nao ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 2016 na mahakama ya kwanza ya aina hiyo ikafunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka wa 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kwa aliyeibiwa hisa za Sh30,000, gharama za Mahakama Kuu zinaweza kuzidi mali yenyewe, hivyo mlango huu ni muhimu sana.

Hisa za marehemu

Hila nyingi hufanyika mwenye hisa anapofariki. Shemeji hufika katika ofisi ya kiwanda akiwa na barua ya chifu na cheti cha kifo, na wiki chache baadaye malipo ya bonasi yanaingia katika akaunti yake huku mjane na watoto wakiambiwa "mzee hakuacha kitu".

Ifahamike kwamba barua ya chifu hutumika kuonyesha warithi wakati wa kufungua kesi ya mirathi. Haimpi mtu uwezo wa kuhamisha mali. Hisa za marehemu huhamishwa kwa hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na mahakama. Anayegusa mali ya marehemu bila kibali anatenda kosa chini ya Sheria ya Urithi, na anaweza kulazimishwa kutoa hesabu ya alichochukua. Kampuni iliyohamisha hisa kwa barua ya chifu pekee nayo ina maswali ya kujibu.

Mlaghai mwerevu zaidi huenda mahakamani na kuomba hati hiyo akiwaficha warithi wengine. Kabla ya hati kutolewa, ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na watu hupewa siku 30 za kupinga. Ukipitwa na siku hizo, bado unaweza kuomba hati ibatilishwe kwa sababu ilipatikana kwa ulaghai au kwa kuficha mambo muhimu. Lakini fanya haraka. Sheria hiyo hiyo inamlinda mnunuzi aliyenunua mali kutoka kwa mtu aliyekuwa na hati ya mahakama, hata kama hati hiyo itabatilishwa baadaye. Hapa, tofauti na sahihi bandia, mnunuzi anaweza kubaki na hisa, na mjane akabaki kumdai shemeji.

Muda haumsubiri mtu

Haki isiyodaiwa kwa wakati hufungiwa mlango. Kwa jumla, madai yanayotokana na mkataba, kama ule kati yako na dalali, hufunguliwa ndani ya miaka sita. Madai ya fidia kwa uzembe au kosa lingine la madai lisilotokana na mkataba hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Pakiwa na ulaghai, muda huanza kuhesabiwa siku ulipougundua, au siku ambayo ungeugundua kama ungekuwa makini. Maneno hayo ya mwisho ni mazito. Mtu ambaye hajapokea mgao kwa miaka kumi na hakuuliza hata mara moja atapata shida kumweleza hakimu kwamba alikuwa makini.

Tahadhari pia kabla ya kumwita mtu mwizi. Si kila hisa iliyopotea katika daftari imeibwa. Chini ya sheria ya mwaka wa 2011 kuhusu mali za kifedha zisizodaiwa, kampuni hutakiwa kukabidhi mgao na hisa ambazo wenyewe hawajazidai kwa miaka kadhaa kwa mamlaka ya serikali inayozihifadhi, UFAA. Aliyebadilisha sanduku la posta au nambari ya simu bila kumjulisha msajili anaweza kukuta hisa zake huko. Hizo hudaiwa kwa kujaza fomu na kutoa ushahidi, na mamlaka hiyo haitozi ada. Anayekuomba "kitu kidogo" ili akusaidie kuzidai ni mlaghai wa pili.

Tunachotaka kifanyike

Hayo yote ni tiba. Sisi tunasema pia kwamba ugonjwa wenyewe unaweza kuzuiwa kwa gharama ndogo, na waliopewa jukumu hilo hawana kisingizio.

Kwanza, hakuna hisa inayofaa kuhamishwa kabla ya mwenyewe kuarifiwa kwa njia mbili tofauti, mojawapo ikiwa simu yake, kwa lugha anayoielewa, na kupewa siku za kujibu. Kampuni ya reli ya 1868 iliandika barua. Katika nchi ambayo mkulima hupokea malipo ya maziwa kwa simu, kampuni ya kiwanda au ya mashamba haina sababu ya kushindwa kutuma ujumbe mfupi. Na kimya kisichukuliwe kuwa idhini.

Pili, kampuni za wakulima zifungue madaftari yao. Sheria ya Makampuni inampa mwanahisa haki ya kukagua daftari la wanahisa. Mkutano mkuu wa kila mwaka uwe mahali ambapo kila mwenye hisa anaweza kuona jina lake na idadi ya hisa zake zikiwa zimechapishwa, jinsi wapigakura wanavyokagua majina yao kabla ya uchaguzi. Mkurugenzi anayeliogopa jambo hilo aulizwe anaficha nini.

Tatu, fidia kwa mwekezaji mdogo ihesabiwe kwa hisa alizopoteza, si kwa kiwango kilichowekwa zamani na kuachwa kiliwe na mfumko wa bei. Aliyeibiwa hisa 2,000 za kampuni fulani alipoteza hisa 2,000, na hapo ndipo hesabu inapofaa kuanzia. Madalali ndio wapeleke fungu kubwa zaidi katika hazina hiyo, kwa sababu, kama mahakama ilivyosema mwaka wa 1905, anayepeleka hati ndiye anayeidhamini.

Nne, Bunge liiongezee Mahakama ya Madai Madogo uwezo wa kuamuru hisa zenyewe zirudishwe pale thamani yake haizidi Sh1 milioni. Leo mkulima mwenye hisa chache anaweza kupata fedha huko, lakini akitaka jina lake lirudi katika daftari lazima apande ngazi hadi Mahakama Kuu. Sheria inayosema mali bado ni yako, kisha ikakutoza zaidi ya mali hiyo ili uirudishe, inamfaa mwizi kuliko mwenye mali.

Mabadiliko hayo yatachukua muda, na mwenye hisa asingoje yafike. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wiki hii, omba dalali au msajili taarifa ya hisa zako na ulinganishe na vyeti vyako. Hakikisha nambari yako ya simu na ya kitambulisho ni sahihi katika daftari. Futa kwa maandishi hati ya uwakili ambayo huitumii tena. Mwonyeshe mkeo, mumeo au mtoto wako mkubwa mahali vyeti vilipo. Na fomu yoyote ambayo haijajazwa, hata ikiletwa na rafiki wa miaka mingi, mrudishie ikiwa tupu.